Harufu Ilipoisha

Kila karakana ina kipimo chake. Kwingine utakuta mashine yenye taa nyekundu, kwingine karatasi ya kuchovya majini. Karakana hii, ambayo kazi yake ilikuwa kuosha injini na gia kuukuu ili ziuzwe tena, ilikuwa na mwanamke mmoja mwenye pua. Jina lake watu walishalisahau, na yeye hakuwa na haraka ya kuwakumbusha. Walimwita Pua, akaitika. Akiinama juu ya mfereji wa maji machafu alikuambia haya ni mafuta ya injini au ya gia, sabuni imezidi au imepungua, na ukibisha ulikuwa unajitafutia aibu tu. Msimamizi alikuwa akisema kwamba pua ile ingekuwa inauzwa dukani, angenunua mbili.

Maji yote ya kuoshea vyuma yalikwenda kwenye tangi lililochimbwa chini ya uwanja wa nyuma. Juu yake palikuwa na mdomo wa duara wa kupita mtu mmoja, na ngazi ya chuma iliyoshuka gizani, kina cha watu wawili waliosimamishana mabegani. Humo mafuta yalipanda juu yakakombwa, na maji yaliyobaki yakaruhusiwa kwenda kwenye mfereji wa mtaa. Zamani waliosha kwa dawa kali iliyochubua mikono na kumtoa machozi hata mtu asiye na huzuni. Kwa dawa ile walijitungia sheria yao: fungua mfuniko, subiri. Ikikuwasha puani, usishuke. Harufu ikiisha, shuka. Na tusiidharau sheria ile, maana iliwarudisha nyumbani wazima miaka mingi.

Kisha ikaletwa sabuni ya mimea. Mkemia wa kampuni, bwana mwembamba mwenye koti jeupe na kicheko cha aibu, aliwakusanya uwanjani akaeleza kwamba imetengenezwa kwa mafuta ya nazi na sukari. Inabandua mafuta kwenye chuma, akasema, kisha inayaachia yaelee, na yenyewe inaoza. Vijidudu vinaila mpaka inakwisha, hata samaki wa mtoni hawajui kama ilipita. Watu wakamtazama kwa macho ya nusu nusu. Basi akachota kiganjani, akanawa uso mbele yao, halafu akalamba kidole.

Hapo ndipo alipoharibu, maskini, kwa nia njema kabisa. Watu wa karakana wakaibatiza ile sabuni jina la maziwa, na nani amewahi kuyaogopa maziwa? Kwanza glavu zikatundikwa msumarini. Ikafuata kamba ya kumfunga anayeshuka, ikaachwa kwenye ndoano yake. Mwisho ile feni kubwa ya kupulizia hewa tangini ikaazimwa na mafundi wa kuchomelea, wakaona inawafaa sana wakati wa joto la mchana, na haikurudi. Wahenga walisema mazoea yana taabu, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi kwenye kivuli chenye feni.

Siku hiyo karakana ilikuwa imefunguliwa baada ya kufungwa muda mrefu kwa matengenezo ya mashine kubwa. Muda wote huo tangi lilikaa limejaa, mfuniko juu, hakuna aliyelikumbuka. Walipowasha pampu ikaguna ikanyamaza. Tope lilikuwa limeziba mdomo wa bomba kule chini. Wakanyonya maji ya juu kwa pampu ndogo mpaka likabaki tope la kufika magotini, na msimamizi akaja akatazama saa yake, akasema ashuke mtu azibue kabla magari ya wateja hayajaanza kupiga foleni. Akaenda zake.

Wa kushuka alikuwa Beleshi. Aliitwa hivyo kwa sababu ya koleo lake, ambalo hakuwa akimwazima mtu. Alikuwa mume wa mdogo wake Pua, na kazi ile Pua ndiye aliyemtafutia, akamwombea kwa msimamizi mpaka akachoka kuombwa. Na kama ujuavyo mambo ya mashemeji, wale wawili walitaniana tangu asubuhi mpaka kengele ya kutoka. Beleshi alimwambia Pua kwamba amempa mke mzuri lakini alisahau kumwondoa ulimi. Pua alimwambia ashukuru, maana mahari aliyotoa yalitosha ulimi peke yake.

Walipouvuta mfuniko, harufu ikawapiga usoni. Mayai viza, yale hasa yaliyosahauliwa na kuku mwenyewe.

"Shemeji," Beleshi alisema, akirudi nyuma, "jana usiku ulikula nini?"

"Nilikula kwako. Mkeo ndiye aliyepika."

Wakacheka, wakachuchumaa pembeni ya mdomo kusubiri, kama walivyosubiri siku zote. Hapakuwa na upepo, na ukuta wa nyuma uliubana uwanja. Pua aliinama, akavuta hewa, akakunja uso. Akasubiri, akavuta tena, ikawa imepungua. Alivuta mara nyingine akapata harufu ya chuma tu, na baadaye hata ya chuma hakuipata. Kichwa kilimuuma kidogo juu ya macho, akadhani ni jua.

"Pua inasemaje?" aliuliza Beleshi.

"Imeisha."

Basi Beleshi akashika ngazi akashuka, koleo begani, anaimba wimbo wa kujitungia kuhusu mwanamke mwenye pua kubwa kuliko nyumba yake. Pua alilala kifudifudi kwenye saruji, akamwona akikanyaga tope, akianza kulikoroga na kulichimba. Mapovu makubwa ya uvivu yakapanda na kupasuka. Aliimba, akachimba, akaimba tena, na sauti yake ilikuja juu ikiwa nzito nzito kwa sababu ya kuta.

Ndipo karani wa stoo alipotokea kwenye kona, anakuja kudai toroli lake lililochukuliwa bila ruhusa. Alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache. Akasimama mbali, akafunika pua na mdomo kwa mkono wa gauni lake.

"Mnawezaje kukaa hapo?" akasema. "Mayai viza yamenifuata tangu mlangoni."

Pua akainua kichwa. "Mayai gani?"

"Hunusi?"

Pua akavuta hewa kwa nguvu zote. Hakupata kitu. Akainamia kiwiko cha gauni lake, mahali palipomwagikiwa mafuta ya taa asubuhi ile, akavuta. Hakupata kitu. Alinusa kiganja chake, akanusa saruji, na dunia nzima ilikuwa haina harufu yoyote, imekuwa maji matupu. Harufu haikuwa imeisha. Iliyokwisha ilikuwa pua yake, na yeye ndiye aliyempeleka shemeji yake chini kwa neno moja.

"Shemeji," aliita, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. "Panda juu. Sasa hivi."

Wimbo ulikuwa umekatika. Beleshi alikuwa amesimama, ameegemea koleo.

"Bado kidogo," alisema.

"Acha koleo. Panda."

Akainua mguu mmoja kutoka kwenye tope, akauangalia kana kwamba ni wa mtu mwingine, akaurudisha. Kisha akakaa chini. Alikaa tu, taratibu, ndani ya tope lile la mafuta, kama mtu anayekaa barazani kwake.

"Napumzika," alisema. "Miguu imekataa."

Pua aliogopa. Tusipambe maneno, aliogopa mpaka meno yakagongana, jua likimchoma mgongoni. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi kabla hajajua kama ameupeleka. Karani akamdaka gauni kwa nyuma.

"Wa mdomoni haingii," karani alisema.

Kila mtu katika kazi ile aliijua kauli hiyo na chanzo chake. Kwenye karakana nyingine alishuka mtu akaanguka, akashuka kaka yake kumtoa, akashuka rafiki wa kaka yake kuwatoa wawili, na jioni zikatafutwa sanda tatu. Tangi halishibi. Pua aliijua habari hiyo vizuri kuliko wengi, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwasimulia wageni. Lakini ni jambo moja kuisimulia, na ni jambo lingine kulala juu ya shimo unamtazama baba wa mtoto wa mdogo wako akisinzia.

"Kimbia," alimwambia karani. "Waite mafundi waje na feni. Mwite na mkemia."

"Na wewe hushuki?"

"Sishuki."

"Apa."

"Naapa kwa mama yangu. Kimbia."

Karani alikimbia, na unene wake wote, viatu akiviacha nyuma. Pua akabaki peke yake na lile shimo. Aliivuta kamba kutoka kwenye ndoano, akafunga kitanzi. Fundo likafunguka, akalifunga tena huku akijisemesha kwa sauti, jikaze, jikaze kisabuni mwanamke, mpaka likakaza. Alijifunika mdomo kwa kitambaa cha kichwa, ingawa alijua hakisaidii kitu, akageuzia uso pembeni kuvuta hewa, kisha akashusha kitanzi mpaka kikamgusa Beleshi kichwani.

"Shemeji, ingiza mkono humo."

Beleshi alikitazama kitanzi, akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililomtia Pua hofu kuliko yote.

"Unanivisha pete?" aliuliza, ulimi ukimwia mzito. "Mdogo wako je?"

Pua alitaka kulia, akaona kilio hakina faida. Huyu mtu alikuwa hasikii amri tena. Lakini utani bado alikuwa anausikia.

"Mdogo wangu nimeshamwambia," alisema. "Amekubali, amesema hata hivyo unakoroma. Leta mkono nikuoe."

"Mahari?"

"Ng'ombe. Wote unaowataka. Leta mkono, bwana harusi, watu wanasubiri."

Mkono ukainuka. Ulipanda nusu, ukayumba, ukashuka. Pua akatukana, tusi ambalo hatutaliandika hapa, akasogeza kitanzi kushoto, kulia, na huku kichwa chake nacho kikimzunguka.

"Aibu gani hii," alisema. "Bwana harusi anashindwa na pete."

Mkono ukainuka tena, ukapita kitanzini mpaka begani, na hapo hapo kichwa cha Beleshi kikaanguka kifuani.

Pua akavuta. Kamba ilimkaza Beleshi kwapani, mwili ukainuka kidogo kutoka kwenye tope, ukarudi. Mwanaume mzima aliyelowa mafuta, mtu mmoja atamwinuaje? Akaizungusha kamba kwenye kiuno chake, akajitia nyuma, visigino vikikwaruza saruji, na akajua kwamba hawezi kumtoa. Kitu kimoja alichoweza ni kuuzuia uso wa yule mtu usizame. Basi akauzuia. Aliita jina lake halisi, lile analoitwa na mkewe, aliita na hakuitikiwa, na kila alipoita aliona sura ya mdogo wake akiwa jikoni, hajui lolote, anamtengea mumewe chakula. Alimwomba Mungu asimfanye yeye kuwa mtu wa kupeleka habari ile. Kisha akaona haya, maana aliona kwamba hata katika saa hiyo alikuwa anajiombea mwenyewe. Akaanza dua upya.

Mafundi walikuja wanaikokota feni kwenye toroli lile lile la stoo, waya ukiburuzwa nyuma. Mkemia alikuwa mbele yao, koti limefunguka. Alielekeza bomba la feni tangini, ikanguruma, na mikono minne mitano ikaishika kamba pamoja na Pua. Beleshi akapanda, anazunguka na kugonga ngazi, mweusi wote, na fundo likamtelezea kutoka kwapani mpaka kwenye kiwiko, likanasa hapo. Mtu mmoja akamdaka kwa ukosi wa shati.

Walimbeba mbali na lile shimo, wakamlaza. Hakuwa anapumua. Mkemia alipiga magoti akaanza kumkandamiza kifua kwa mikono yote miwili, huku akiwazuia wasimpulizie pumzi kwa mdomo, wasije nao wakavuta hewa ile, na wakati wote alikuwa akisema peke yake, kwa pumzi fupi.

"Niliwaambia haina sumu. Ni kweli haina sumu. Sikuwaambia ikioza pasipo hewa inakuwaje. Vijidudu vya humo vinaila vivyo hivyo, lakini vinatoa gesi, na gesi ile inaua pua kwanza. Sikuwaambia. Nililamba kidole."

Pua alikuwa amekishika kichwa cha shemeji yake kwa viganja viwili, anaangalia midomo ile ya rangi ya majivu. Kisha Beleshi akakohoa. Kilikuwa kikohozi kibaya, chenye matapishi na tope, lakini baada yake alivuta hewa, na baada ya hiyo akavuta nyingine. Wakamtia nyuma ya pikapu ya kupelekea mizigo wakaondoka naye.

Hospitali walimpitisha kwenye mlango wenye pazia la plastiki, wakamwambia Pua akae nje. Alikaa kwenye benchi refu kati ya watu wasiomjua, gauni limekakamaa kwa mafuta, na wote wakajisogeza. Huenda alinuka. Yeye hakujua.

Mdogo wake alifika na kandambili za rangi mbili, mtoto mgongoni. Karani ndiye aliyekwenda kumwita. Alimwona dada yake akamwendea moja kwa moja, akamshika mabega.

"Dada, ni mzima?"

"Anapumua. Hajafungua macho. Hawajaniambia zaidi."

"Imekuwaje? Yule bosi wenu alimlazimisha, sivyo? Niambie alimlazimisha."

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kupitia, na Pua aliuona. Msimamizi kweli alisema ashuke mtu. Mkemia kweli alilamba kidole. Mafundi kweli walichukua feni, na hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa pale kujitetea. Alimtazama mdogo wake, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, na hofu iliyomshika ilikuwa nzito kuliko ile ya shimoni.

"Aliniuliza mimi kama hewa ni nzuri," alisema. "Nikamwambia imeisha. Akashuka kwa neno langu."

Mdogo wake akaondoa mikono mabegani mwake. Alirudi nyuma akakaa mwisho wa benchi, akamfungua mtoto mgongoni akampakata, akatazama pazia la plastiki. Pua alisema samahani, akasema tena.

Muuguzi akatokea. "Mke wa yule wa tangini ni nani? Ingia. Mtoto haruhusiwi."

Mdogo wake akasimama. Aliangalia kulia, alipokaa dada yake. Akageuka kushoto, kwa mama mmoja mgeni aliyekuwa na mguu wenye bandeji.

"Samahani mama," alisema, "nishikie mtoto huyu."

Akaingia. Yule mama alimpokea mtoto kwa mshangao, akaanza kumrusharusha mapajani. Mtoto akamtazama, hakumjua, akaanza kulia, na katika kulia akamwona Pua. Akanyoosha mikono yote miwili, akajitupa upande wake.

"Mchukue basi," alisema yule mama. "Si anakujua huyu?"

"Ananijua. Mimi ni mama yake mkubwa."

"Sasa?"

"Mama yake amekupa wewe."

Yule mama akamshangaa kama unavyomshangaa mtu mwenye roho mbaya. Pua akaikalia mikono yake. Mtoto alilia mpaka akapaliwa, anamwita kwa lile neno nusu alilojaliwa, na Pua akaendelea kukaa, machozi yakimtiririka mpaka shingoni bila kuyafuta. Kama Beleshi asingetoka mzima mle ndani, alijua, mtoto huyu asingewekwa tena mapajani mwake maisha yake yote.

Pazia likafunguliwa. Mdogo wake alitoka, macho mekundu, akamchukua mtoto kwa yule mama na kumshukuru. Akambembeleza mpaka akatulia, na Pua akangoja.

"Amefungua macho," mdogo wake alisema, akiutazama ukuta. "Anaongea. Maneno yanamchanganya, lakini anaongea. Anakuuliza wewe."

Pua akasimama.

"Mimi sijakusamehe," mdogo wake alisema. "Sijui kama nitaweza. Lakini anakuita. Ingia."